Miezi Kumi na Tisa ya Kutafuta Chupa

Nilianza na maficho ya kawaida: chini ya godoro, nyuma ya kabati, ndani ya buti la gari chini ya tairi la akiba. Nikahamia tangi la maji la chooni. Nikapekua viatu vya mvua, masanduku ya zana, mifuko ya makoti ambayo hayajavaliwa tangu tuoane. Nilinusa chupa yake ya maji, nikanusa kikombe chake cha chai, nikapiga alama ya kalamu kwenye dawa ya kusukutulia mdomo na kwenye kitakasa mikono ili nione kama vinapungua. Havikupungua. Badala ya kujiuliza kwa nini, nilijiambia kwamba mume wangu ni mlevi hodari kuliko nilivyodhani.

Miezi kumi na tisa niliitafuta chupa hiyo. Haikuwepo. Pombe ilikuwa ikipikwa tumboni mwake.

Mume wangu hakuwa mnywaji. Ujanani alionja, hakupenda, akaachana nayo bila kuapa wala kutangaza. Mwaka mmoja kabla ya mambo haya alivunjika mguu, kidonda kikatunga usaha hadi mfupani, akapewa antibayotiki kwa wiki nyingi, kwanza za sindano kisha za vidonge, na mara tatu zikabadilishwa. Pamoja nazo akapewa vidonge vya kupunguza asidi tumboni, maana dawa zilikuwa zinamchoma. Mguu ukapona, tukashukuru, tukasahau.

Kilichofuata kilikuja kwa hatua ndogo ndogo. Tumbo lilianza kujaa gesi na kunguruma hadi wageni wakasikia. Akawa anachoka baada ya kula, na si kule kusinzia kwa mtu aliyeshiba, bali anapoteza kabisa uzi wa mazungumzo. Kisha usiku mmoja alinyanyuka mezani kwenda kulala, akajigonga kwenye kizingiti, akacheka kicheko kisicho chake. Nikamsogelea. Pumzi yake ilinuka pombe. Sisemi harufu inayofanana na pombe; ilikuwa pombe yenyewe.

"Umekunywa nini?"

"Sijanywa kitu, mama watoto."

Sentensi hiyo nilikuja kuichukia. Niliisikia saa mbili za usiku, niliisikia adhuhuri, niliisikia akiwa amelala sakafuni na viatu miguuni. Asubuhi anaamka na kichwa kizito, macho mekundu, kiu, na hakumbuki nusu ya aliyoyasema. Hangova kamili. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani nikimsubiri na maswali, kama askari.

Kazini walimrudisha nyumbani mara mbili. Mara ya pili alipewa barua. Kijana wetu mkubwa, akiwa na miaka kumi na mmoja, alimwambia mbele ya rafiki zake, "Baba, umelewa tena," kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Kaka yake mume wangu alikuja na wakubwa wawili wa familia, wakakaa naye kikao. Shemeji alisema kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, kubali tu. Ukikubali ndipo tutajua pa kuanzia kukusaidia."

Akakubali. Aliinamisha kichwa akasema ndiyo, nakunywa, nisameheni. Nakumbuka nilivyopumua. Nilihisi nimeshinda kesi. Miaka baadaye nilimuuliza ilikuwaje akakiri jambo ambalo hakulifanya, akanijibu, "Nilichoka kuwa mwongo. Nikaona afadhali niwe mlevi."

Alipelekwa kwa mshauri wa walevi, mtu mwema tu, ambaye alimfundisha kwamba hatua ya kwanza ni kuacha kukana. Hebu fikiria mtego huo. Akisema hanywi, ni dalili ya ulevi. Akinyamaza, amekubali. Hakuna jibu la kweli ambalo lingemtoa. Nasema haya bila kumlaumu mshauri, kwa sababu watu tisini na tisa kati ya mia waliokaa kwenye kiti kile huenda walikuwa wanakunywa kweli. Mume wangu alikuwa yule mmoja, na kiti hakina namna ya kujua.

Jambo lililonitisha zaidi, na ambalo sikulielewa wakati ule, ni kwamba yeye mwenyewe alianza kuitafuta chupa. Nilimkuta alfajiri amepiga magoti mbele ya kabati la jikoni na tochi. "Labda nakunywa usingizini," alisema. "Labda naamka, nakunywa, halafu nasahau." Tulitafuta pamoja asubuhi ile, mke na mume, hatukuongea. Hatukupata kitu. Nikafikiri ananichezea mchezo.

Kisha akaanguka ngazini. Alichanika juu ya jicho, nikamkimbiza hospitali, wakamshona na kumpima damu. Pombe: asilimia 0.24. Nchi nyingi humkataza mtu kuendesha gari akifika asilimia 0.05 au 0.08, yeye alikuwa mara tatu ya hicho cha juu. Akamwambia daktari, kwa ulimi mzito, kwamba hajanywa. Daktari alitabasamu bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi: "Wote husema hivyo." Nami nilitikisa kichwa pamoja na daktari. Kati ya yote niliyoyafanya miezi ile, kutikisa kichwa kule ndiko kunakonirudia usiku.

Nilichoamua baada ya hapo sikukiamua kwa nia njema. Nilitaka kumfumania. Nilipeleka watoto kwa bibi yao kwa siku tatu, nikatoa nyumbani kila chenye kileo: manukato, kitakasa mikono, dawa ya mdomo, hata siki. Nikafunga milango, funguo nikazining'iniza shingoni kwa kamba. Nilimfuata chooni. Nililala nimemwekea mguu juu ili akinyanyuka nijue. Yeye alikubali yote bila kubisha, na kukubali kwake kulinikera, kwa sababu mtu mwenye chupa hapaswi kukubali kirahisi hivyo.

Siku ya kwanza alikuwa amenuna, hakula ila mayai mawili na mboga za majani. Alikuwa mzima kabisa, macho makavu, akili timamu. Nikajisemea: unaona, ukimnyima chupa anakuwa mtu. Siku ya pili mchana tulipatana kidogo. Akala wali, akaongeza, akala mkate na jamu, akanywa juisi. Tukakaa sebuleni tukizungumza habari za watoto.

Saa mbili zikapita. Nilikuwa nimeushika mkono wake. Nasisitiza hili: nilikuwa nimeushika mkono wake. Katikati ya sentensi, maneno yakaanza kuburuta. Akalirudia neno moja mara tatu. Mashavu yakawa mekundu, kope zikalegea, na ile harufu ikanyanyuka kutoka kwake kama mvuke kwenye chungu. Hakuwa ameondoka kwenye kiti. Hakuwa ameinua kitu chochote mdomoni kwa saa mbili.

Nilikaa pale nikimtazama mtu akilewa mkononi mwangu, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huruma, kilikuwa hofu. Kwa sababu kama hanywi, basi mimi ni nani?

Usiku ule nilisoma hadi kukacha. Nilitarajia kukuta uganga. Nikakuta majarida ya kitabibu. Ugonjwa huo una majina kadhaa, kwa Kiingereza huitwa zaidi auto-brewery syndrome, mengi yakimaanisha tumbo kujigeuza kiwanda cha pombe. Nitaueleza jinsi ninavyouelewa baada ya miaka ya kuishi nao.

Kuchachuka tunakujua sote. Ukitia hamira kwenye unga na sukari, hamira hula sukari, hutoa gesi inayoumua donge, na hutoa pombe kidogo ambayo moto wa kuokea huifukuza. Gesi hiyo ni kaboni dayoksaidi, na pombe ni etanoli, ileile iliyomo kwenye chupa. Utumboni mwetu wamo viumbe wadogo wa kila aina, na baadhi yao hufanya kazi hiyohiyo. Hata wewe unayesoma hapa unatengeneza chembe za pombe kila siku, lakini ni kidogo mno, na ini huivunja kabla haijafika kichwani. Shida huja pale fangasi au bakteria wanaochachusha wanapoongezeka kupita kiasi. Antibayotiki haziui fangasi. Huua bakteria, wakiwemo wale wazuri waliokuwa wakiwabana fangasi wasitambae. Ukiondoa mlinzi, mwizi hujenga nyumba. Na asidi ya tumbo, ambayo ingeua wengi wao njiani, kwa mume wangu ilikuwa imepunguzwa kwa vidonge. Hatari huongezeka pia kwa wenye kisukari, wenye ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), waliofanyiwa upasuaji wa utumbo na wenye ini lililoharibika.

Ini la mtu mzima huvunja kama gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa. Gramu 100 za sukari zikichachuka zote, hutoa takriban gramu 51 za pombe. Si sukari yote ya chakula huchachuka, bila shaka, sehemu kubwa mwili huinyonya mapema. Lakini hesabu hiyo ilinifanya niutazame mkate kwa jicho jingine. Wanga wote, uwe wali, viazi au mkate, mwishowe huvunjwa kuwa sukari, na kwa mume wangu kila sahani ilikuwa kama kuongeza malighafi kiwandani.

Si ugonjwa mpya. Mwaka 1948 madaktari waliandika habari za mtoto wa miaka mitano barani Afrika aliyepasuka tumbo, na waliompasua wakakuta yaliyomo yananuka pombe. Wajapani waliandika habari za wagonjwa wao kuanzia miaka ya 1950. Mwaka 2013 ikachapishwa habari ya mzee wa miaka 61 huko Texas aliyekuwa akilewa bila kunywa. Walimfungia hospitalini saa ishirini na nne, wakapekua vitu vyake, wakamlisha vyakula vya wanga, na pombe ikapanda damuni hadi asilimia 0.12. Kilichonigusa katika habari ile ni mke wake. Alikuwa muuguzi, naye ndiye aliyenunua kifaa cha kupimia pumzi ili amfuatilie mumewe nyumbani. Mwanamke yule alitafuta namba wakati mimi nilikuwa natafuta chupa.

Na kuna mwanamke wa Toronto, miaka 50, ambaye habari yake ilichapishwa mwaka 2024. Katika miaka miwili alifika idara ya dharura mara saba, analewa, anasinzia ghafla, anarudishwa nyumbani. Naye alikuwa ametumia antibayotiki mara kwa mara kwa maambukizi ya njia ya mkojo, na naye alikuwa kwenye dawa ya kupunguza asidi. Nilipoisoma hiyo nilihisi nasoma faili la mume wangu.

Nilinunua kipima pumzi na daftari. Hapa nataka kukawia kidogo, kwa sababu daftari lile ndilo lililotuokoa, na kuna namna ya kuliharibu.

Kifaa cha pumzi hudanganywa kwa urahisi. Mtu akiwa ametoka kusukutua kwa dawa ya mdomo, au amecheua, namba inaruka juu bila damu kuwa na kitu. Kwa hiyo tulijiwekea kanuni: anasukutua kwa maji matupu, anakaa dakika 15 bila kutia kitu mdomoni, kisha anapuliza. Tulipima alfajiri kabla ya kula, kisha kila baada ya saa moja hadi alale. Safu moja saa, safu ya pili alichokula na kiasi, safu ya tatu namba, ya nne hali yake kwa maneno machache. "Anaongea sawa." "Amerudia swali." "Hawezi kufunga vifungo." Na kila mstari nilitia sahihi kwamba nilikuwa naye tangu kipimo kilichopita. Kama sikuwa naye, niliandika kwamba sikuwa naye. Hiyo safu ya mwisho ndiyo inayouma kuijaza kwa uaminifu, maana unatamani ushahidi uwe mzuri. Lakini daktari atakayeusoma ataanza kwa kutokuamini, na ana haki.

Baada ya wiki tatu daftari lilikuwa linasema lenyewe. Alfajiri baada ya usiku wa njaa, sifuri. Samaki na mboga, sifuri. Mkate na soda, 0.09 baada ya saa tatu. Viazi vingi jioni, 0.14 kabla ya usiku wa manane. Nilipoona namba ile ya kwanza baada ya mkate nilimwamsha mume wangu aione, naye alikuwa amelewa mno asiweze kuisoma. Tulicheka. Kilikuwa kicheko chetu cha kwanza kwa zaidi ya mwaka.

Daktari wa kwanza tuliyempelekea daftari hakulifungua. Alisema ugonjwa huo ni wa mitandaoni, akampa mume wangu anwani ya kituo cha kuachia pombe. Wa pili, bingwa wa magonjwa ya tumbo na ini, alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akatuuliza swali moja: "Mko tayari nimtendee kama mwongo kwa saa ishirini na nne?" Mume wangu akamjibu, "Daktari, nimezoea."

Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza. Alilazwa bila kula usiku kucha. Wakamvua nguo zote, wakampa za hospitali, wakapekua mkoba, wakachukua hata dawa ya meno. Mimi nilizuiwa kukaa naye, jambo lililonikera na ambalo lilikuwa sahihi kabisa, maana ningekuwa mimi ndiye mpeleka chupa. Muuguzi akaketi mlangoni. Asubuhi wakatoa damu, wakampa gramu 200 za glukosi kwenye maji, kisha wakaendelea kutoa damu: baada ya nusu saa, saa moja, mbili, nne, nane, kumi na sita na ishirini na nne.

Mwanzo sifuri. Nusu saa, sifuri; daktari akapita, akanitazama, hakusema kitu, nami tumbo likanikata. Saa ya pili, asilimia 0.03. Saa ya nne, 0.09. Saa ya nane, 0.13. Walinifungulia mlango nimwone, nikamkuta ameegemea mto, machozi yanamtiririka, ulimi umekuwa kipande cha mti, anapiga kelele kwa furaha: "Mama watoto, nimelewa mbele ya watu!" Yule muuguzi wa mlangoni alikuwa anafuta macho.

Wakaingiza kamera tumboni, juu na chini, wakachota majimaji ya utumbo na kuyaotesha maabara. Ziliota aina mbili: hamira ileile ya mkate, Saccharomyces cerevisiae, na fangasi aitwaye Candida glabrata. Wakati mwingine mhalifu si fangasi hata kidogo. Mwaka 2019 watafiti wa China walieleza mgonjwa ambaye pombe yake ilitengenezwa na bakteria, Klebsiella pneumoniae, naye pia alikuwa na ini lenye mafuta. Ndiyo maana nasema msikimbilie kununua dawa za fangasi na kujitibu. Kwanza ijulikane ni nani yumo humo ndani.

Sisi wenyewe tulijifunza hilo kwa kuumia. Alianzishiwa flukonazoli, dawa ya fangasi, kabla majibu yote ya maabara hayajarudi. Namba zikashuka, tukafurahi, wiki ya tatu zikapanda tena. Majibu yalipokuja yakaonyesha glabrata wake anaipuuza dawa hiyo, jambo ambalo, niliambiwa, kwa fangasi huyo si ajabu. Akalazwa akapewa mikafungini, dawa nyingine ya fangasi, kwa dripu. Pamoja na dawa, wanga ulikatwa karibu wote kwa wiki sita, na akapewa vidonge vya bakteria wazuri ili nafasi zilizoachwa wazi zisikaliwe na wezi walewale.

Wiki sita bila wanga si jambo la kuandika kwa mstari mmoja, ingawa nitajaribu kutolia. Alikonda. Alikuwa mkali. Sukari imejificha kila mahali: kwenye mchuzi wa kopo, kwenye dawa ya kikohozi, kwenye vidonge vya kutafuna. Watoto walikula mkate bafuni ili baba asiuone, mpaka akawaambia watoke wale mezani, kwa sababu alijua kujificha kunavyouma.

Mpango wa tatu, kama hayo yote yangeshindwa, ulikuwa kupandikiza kinyesi, yaani kumtilia utumboni kinyesi cha mtu mwenye afya ili bakteria wazuri warudi. Usikunje uso. Huko Ghent, Ubelgiji, mwanamume wa miaka 47 aliyeshindwa na dawa za fangasi alipandikizwa kinyesi cha binti yake, na alipofuatiliwa kwa miezi 34 baadaye dalili hazikuwa zimerudi. Habari zake zilichapishwa mwaka 2020. Shemeji yangu, yuleyule wa kikao, aliposikia alijitolea papo hapo, na ndiyo njia pekee aliyoipata ya kuomba radhi. Hatukumhitaji, lakini utani haujaisha hadi leo.

Kuhusu gari, nitasema wazi kwa sababu watu huuliza. Tangu siku ya kipima pumzi mume wangu alinipa funguo, na hakuzirudia hadi ilipopita nusu mwaka ya sifuri. Ndiyo, mahakama zimewahi kuelewa. Jimboni New York mwanamke aliyekutwa na asilimia 0.33 alifutiwa mashtaka Desemba 2015. Aprili 2024 huko Bruges, Ubelgiji, mwanamume wa miaka 40 aliachiwa baada ya madaktari watatu, kila mmoja kivyake, kuthibitisha ugonjwa wake. Na bahati yake mbaya ilikuwa kwamba anafanya kazi kwenye kiwanda cha bia, hebu mweleze hakimu. Lakini hakimu hufika baadaye. Mtoto anayevuka barabara hajali pombe imetoka wapi.

Alirudia mara moja. Jino lilimuuma, daktari wa meno akamwandikia amoksisilini, ambayo ni antibayotiki, naye akanywa kama mtu mwingine yeyote, mimi nikiwa safarini. Wiki ya tatu baada ya dozi, 0.04 jioni. Kwa kuwa tulikuwa bado tunapima, tuliikamata ikiwa changa, akarudi kwenye dawa na kwenye mlo wa mboga kabla haijaota mizizi. Sasa ana kadi kwenye pochi inayosema kabla ya antibayotiki yoyote apigiwe simu daktari wake. Haimaanishi hatazinywa kamwe. Mtu akiwa na maambukizi yatakayomuua, atakunywa.

Mwili ulipona kwa mwaka mmoja. Jina halikupona kwa kasi hiyo.

Nilipomwomba msamaha, alinijibu kwamba msamaha nimepewa, ila sio yeye peke yake niliyemwambia kuwa ni mlevi. Akachukua kalamu akaniandikia orodha. Mama yake. Kaka yake. Mwalimu wa kijana wetu, ambaye nilimweleza ili awe mvumilivu. Jirani wawili. Msimamizi wake kazini, ambaye nilimpigia simu kwa siri nikamsihi asimfukuze "kwa sababu anajaribu kuacha". Majina kumi na manne. Sikujua ni mengi hivyo. Kila mmoja nilimwambia kwa uchungu, nikitafuta wa kunishika mkono.

Nilikwenda kwa wote kumi na wanne na majibu ya maabara kwenye bahasha. Ni kazi ngumu kuliko kueneza. Habari ya ulevi nilihitaji sekunde kumi kuieleza na kila mtu alielewa mara moja. Habari ya fangasi utumboni ilichukua nusu saa, na kwenye nyuso zao niliona lile tabasamu la daktari wa usiku ule. Msimamizi alisoma karatasi yote, akanirudishia, akasema, "Sawa, mama. Muhimu ameacha." Mama mkwe hakuomba karatasi. Alisema tu, "Mimi aliniambia hanywi," akaendelea na kazi zake, nami nikabaki nimesimama pale.

Kijana wetu ndiye hakuwa kwenye orodha. Baba yake alikwenda mwenyewe. Sijui walizungumza nini. Walikaa nje muda mrefu, na waliporudi kijana alikuwa anabeba kipima pumzi, akapuliza yeye kwanza, kisha baba, kisha akaniletea mimi.

Kifaa hicho bado kimo kwenye droo ya meza, betri mpya. Tunakitumia mara moja kwa wiki, na kila anapokula kitu kipya. Lakini kuna jioni nyingine, amekula wali kidogo, anapiga miayo kama mtu yeyote aliyefanya kazi mchana kutwa, na kabla sijajizuia nimeshamsogelea nusu hatua kwenye kochi, pua mbele. Huwa ananiona. Huweka gazeti chini, hunigeukia, hunipulizia usoni pumzi ndefu, kisha huuliza, "Haya, mama watoto, leo nimekunywa nini?"